Mtoto karudi shule anasema tumetokana na nyani, nimjibu nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro, wa kwanza yupo kidato cha kwanza. Juzi karudi na daftari la historia akamwambia bibi yake kwamba binadamu tumetokana na nyani na eti mwalimu kasema Adamu na Hawa ni hadithi tu. Bibi alilia, nakwambia alilia kabisa, na mtoto toka siku hiyo hataki mafundisho ya kipaimara. Baba yake anataka kwenda shuleni somo hilo liondolewe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada yangu, na bibi mpe pole sana.

Nianze na hiyo sentensi ya nyani maana ndo imewasha moto hapo nyumbani. Wataalamu hawasemi hivo. Wanasema sisi na sokwe tuna babu mmoja wa zamani sana, miaka mamilioni huko nyuma, ukoo ukagawanyika, wao wakashika njia yao na sisi yetu, kama wewe na binamu yako mlivyo na babu mmoja lakini hakuna aliyemzaa mwenzake, na nyani yule anayevamia mashamba ya mahindi yuko mbali zaidi hata ya sokwe. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kufundisha baiolojia niliitamka sentensi hiyohiyo darasani, binti mmoja wa dawati la mbele akafunga daftari akalaza kichwa mpaka kengele ikagonga, na muhula mzima hakuninyooshea mkono tena. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu siku ile sikumfundisha kitu, nilimuumiza tu.

Na hilo la Adamu na Hawa mwalimu kajiongezea. Kazi ya somo lile ni kueleza nini kimechimbuliwa, wapi, na kina umri gani, kumpima Mungu halina kipimo hicho. NECTA hiyohiyo inayotunga mtihani wa historia na baiolojia inatunga pia wa Biblia na wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na mtoto mmoja anaweza kufanya historia, baiolojia na somo la dini yake.

Kuhusu kipaimara, mwambie kijana kwamba Papa Pius XII mwaka 1950 aliandika waraka akawaruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe vilivyotangulia, ila akashikilia kwamba roho inaumbwa na Mungu mwenyewe. Alafu 1996 Yohane Paulo wa Pili akasema nadharia hii ya mageuko (evolusheni) sasa ni zaidi ya dhana. Kwaiyo arudi mafundishoni, hakuna aliyemfukuza.

Baba yake aende shuleni, ni haki yake kabisa, lakini asiombe somo liondolewe. Aombe mwalimu afundishe somo na aiache imani ya watoto. Jirani zetu Kenya walipitia hili 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiwa na Askofu Boniface Adoyo walipinga mabaki ya watu wa kale kupewa nafasi ya mbele kwenye makumbusho ya taifa Nairobi, mmojawapo yule Kijana wa Turkana aliyegunduliwa 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu. Makumbusho yalikataa kuyaficha, yakafunguliwa upya 2008 mifupa ikiwepo, na makanisa Nairobi bado yanajaa kila Jumapili.

Alafu kama mna uwezo mpelekeni huyo kijana bonde la Oldupai kule Ngorongoro (neno la Kimasai hilo, katani pori inayoota kule bondeni). Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey alitoka peke yake, mumewe kalala kambini na homa, akaona mfupa umechomoza na meno makubwa ajabu, ndo lile fuvu la Zinjanthropus la miaka kama milioni 1.75. Na hapa nirekebishe kitu ambacho wengi tulikariri, Zinja siku hizi hahesabiwi kuwa babu yetu, ni tawi la pembeni lililokatika. Kusini ya hapo kuna Laetoli, mwaka 1978 zikapatikana nyayo kwenye majivu ya volkano yaliyoloa mvua yakakauka yakawa mwamba, miaka milioni 3.6 iliyopita. Unaona kisigino kilivyokanyaga, unaona kidole gumba kimelala sambamba na vingine kama cha kwako, na matone ya mvua yenyewe yameacha vishimo. Mimi nilipoona mfano wa zile nyayo nilinyamaza muda mrefu, na nilisali.

SWALI: Nafundisha baiolojia kidato cha nne kwenye seminari ya Kiislamu, uongozi umeniambia mada ya evolusheni niiruke. Nifanyeje?

JIBU: Usiiruke mwalimu mwenzangu, hao vijana wana mtihani na wengine watakuwa madaktari. Ila usianze na fuvu, anza na malaria. Waulize wazazi wao wanaikumbuka klorokwini, ile iliyokuwa inawasha mwili mzima usiku? Ilitibu miaka mingi, lakini kila ilipotumika iliua vimelea dhaifu, vikabaki vichache vyenye tofauti ndogo ya kuzaliwa inayoviwezesha kuitema dawa, vikazaana, mwishowe ndo vikatawala. 2001 tukahamia dawa ya SP, nayo ikachoka haraka, 2006 ikaja dawa mseto. Hayo ni mageuko, yametokea ndani ya damu zetu, na sijaona sheikh anayeyakataa. Ukifika kwa binadamu zungumza kwanza na mwalimu wa dini. Wapo wanazuoni wanaokubali mabadiliko ya mimea na wanyama ila wanamtoa Adam A.S. kwa kuwa aliumbwa kipekee, waambie vijana hivyo waziwazi, alafu wafundishe kilichopo kwenye silabasi bila kukatakata.

SWALI: Nikiandika kwenye mtihani majibu ya Darwin nitakuwa nimemkana Mungu? Mwanafunzi, Iringa.

JIBU: Hapana mwanangu. Swali linauliza nadharia inasema nini, halikuulizi unamwabudu nani. Andika "kwa mujibu wa nadharia ya Darwin" uendelee kueleza kwa ukamilifu, kwamba viumbe vinazaliwa na tofauti, vinagombania chakula na nafasi, wanaoendana na mazingira wanabaki na kurithisha. Ila usiandike kwamba nadharia ni kubahatisha tu, kwenye sayansi ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi mwingi, utapoteza maksi bure. Ukiwa na shaka moyoni nenda kwa mchungaji wako na umuulize mwalimu wako pia, wote wawili, usimfiche yeyote.