Nimeteleza baada ya miezi mitano: niache vidonge? Na je, swala zangu zina faida?

SWALI

Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni fundi wa vyuma Gikomba, naishi Majengo. Nilikuwa mraibu wa chang'aa kwa miaka tisa. Nilipoacha, kliniki ilinianzishia vidonge vya naltreksoni, na kila Alhamisi nikawa nahudhuria mkutano wa walioacha pombe, katika ukumbi ulio ndani ya ua wa kanisa. Miezi mitano sikuonja. Kisha mzee mmoja msikitini akaniambia vidonge ni ulevi mwingine, mikutano ni kuingia kanisani na kuanika dhambi, na aliyetubu kweli anatosheka na Allah. Nikaacha vyote viwili. Wiki ya tatu, siku ya malipo, nikanywa. Mzee akasema swala zangu hazikubaliwi siku arubaini. Leo ni siku ya kumi na moja sijaswali. Na mwenzangu karakana, ambaye hunywa tangu asubuhi, ameshauriwa aache usiku wa kwanza wa Ramadhani, ajifungie ndani asomewe. Tufanyeje?

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullah. Ndugu yangu, kabla ya lolote, inuka uswali. Usingoje siku ya arubaini.

Hadithi uliyosomewa ipo, ameipokea Tirmidhi na wengineo, lakini umepewa nusu. Humo humo Mtume (s.a.w.) amesema akitubu, Allah humkubalia toba yake. Na huko kutokubaliwa kwa swala, wanazuoni wamekufasiri kuwa ni kukosa thawabu, si kuondokewa na faradhi. Imamu Nawawi ameeleza hivyo kuhusu hadithi inayofanana nayo, ya aliyemwendea mpiga ramli: swala yake inamtosha, haambiwi airudie, alichopoteza ni malipo. Basi pima. Anayeswali bila thawabu amelipa deni lake. Asiyeswali ana deni shingoni na dhambi juu yake. Wewe ulikuwa katika hali ya kwanza, ukasukumwa katika ya pili kwa jina la dini.

Hadithi hiyo ya siku arubaini inamtaja pia anayerudia kunywa mara ya nne, kwamba hapo toba haikubaliwi, na najua wapo wanaowahesabia wenzao. Hilo ni kemeo kwa anayeichezea toba, ulimi unatubu na moyo umeshapanga siku ya kurudi. Halimhusu anayeanguka huku analia. Qur'ani imewakataza waliojidhulumu nafsi zao wasikate tamaa na rehema ya Allah (Az-Zumar 53). Na katika Bukhari yumo mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume mara kwa mara kwa kunywa, akichapwa. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume akakataza, akasema mtu huyo anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu hakuifuta, lakini hakuruhusu mtu huyo avunjwe moyo.

Swala za siku kumi na moja ni 55. Zilipe. Ukiswali mbili za kulipa baada ya kila faradhi, ndani ya siku sita umemaliza.

Sasa vidonge. Kilichoharamishwa ni kinacholevya, na Mtume amesema kila kilevi ni khamri. Naltreksoni hailevyi. Haileti raha, haitulizi akili, wala ukiiacha mwili hautetemeki kuidai. Kazi yake ni kuziba zile sehemu za ubongo ambazo pombe huzipitia kuleta utamu wake, kwa hiyo hamu hupungua, na anayeteleza haipati ile ladha inayomvuta aongeze glasi ya pili. Anayesema huo ni ulevi mwingine anatoa hukumu juu ya kitu asichokijua, na fatwa ya namna hiyo madhara yake ndiyo haya uliyoyaona wiki ya tatu.

Rudi kliniki, usijianzishie mwenyewe ulichobakiza kabatini. Kipimo cha kawaida ni miligramu 50 mara moja kwa siku, kwa hiyo hata Ramadhani unameza baada ya kufuturu bila kugusa saumu yako. Meza ukiwa umekula, maana siku za mwanzo huleta kichefuchefu na kuumwa kichwa. Watapima ini, na miaka tisa ya chang'aa haiachi ini salama hivi hivi. Jambo moja ulishike: naltreksoni haikai pamoja na tramadoli, kodeini wala mofini. Mafundi wengi wa Gikomba mgongo ukiuma hukimbilia kemisti kununua tramadoli. Wewe usifanye hivyo. Na ukipelekwa hospitali kwa ajali, mtu wako ajue kuwaambia madaktari unameza nini.

Ama neno la kwamba aliyetubu anatosheka na Allah, ni neno la haki lililowekwa mahali pa batili. Aliyeuliza amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali aliambiwa: mfunge, kisha utawakali. Mtume ameamrisha tujitibu. Mbona mzee mwenye kisukari haambiwi aache sindano ya insulini athibitishe imani yake? Uraibu una upande wa dhambi, na huo unatibiwa kwa toba. Una upande wa mwili pia, na huo toba haikuahidiwa kuuponya usiku mmoja. Mama Aisha (r.a.) amesema, katika Bukhari, kwamba lau jambo la kwanza kuteremka lingekuwa "msinywe pombe", watu wangesema hatutaiacha kamwe. Maswahaba hao!

Kuhusu mikutano, hoja ya mzee ina uzito zaidi, na sitaipuuza. Mtume amesema umma wake wote utasamehewa isipokuwa wanaodhihirisha maovu yao. Lakini anayedhihirisha ni yule ambaye Allah amemsitiri usiku, na asubuhi anajitapa. Nawawi huyo huyo amesema kumweleza dhambi yako mtu unayetaraji akuonyeshe njia ya kutoka hakuna ubaya. Mgonjwa akifunua kidonda mbele ya daktari hajavua nguo sokoni. Sema kiasi cha haja: lini hamu inakuja, ulifanya nini ikapita. Visa vya ulevini, nani alikuwapo na mlifanya nini, hivyo vibaki kwenye sitara.

Na ukumbi wa kanisa si madhabahu. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akiswali ndani ya kanisa lenyewe, isipokuwa lenye masanamu. Mikutano hii ilianza mwaka 1935 Akron, Marekani, mikononi mwa Wakristo, na alama zao zimebaki: mahali pengine hufunga kikao kwa sala ya Kikristo. Wakifika hapo, kaa kimya au toka nje kwa adabu. Wakisema "nguvu iliyo juu yetu", wewe unamjua Mola wako kwa majina yake. Waislamu wa Baltimore walianzisha vikao vya namna hii mwaka 1989 kwa misingi ya Kiislamu, wakaviita Millati Islami. Misikiti yetu ya Pumwani na Eastleigh ina kumbi za harusi na za mashindano ya Qur'ani. Siku tutakapowafungulia walioacha pombe chumba kimoja baada ya Isha, ndipo tutapata mdomo wa kumlaumu aendaye kwa jirani.

Sasa mwenzako, na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ushauri aliopewa unaweza kumuua.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Anayekunywa tangu asubuhi, kila siku, ubongo wake umejizoesha kukanyaga mafuta muda wote ili kushindana nayo. Ukiiondoa ghafla, breki imetoka na mafuta bado yamekanyagwa. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya glasi ya mwisho mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo hwenda mbio. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuanguka maishani. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: anaona wadudu ukutani, anaita watu wasiokuwepo, mwili unachemka. Hapo ndipo nyumbani husemwa "majini yamepanda", mlango ukazidi kufungwa, na maji ya kusomewa yakatiwa mdomoni mwa mtu asiyeweza kumeza. Hayo si majini. Ni arosto ya pombe, yaani mwili unaidai pombe uliyoizoea, na asiyetibiwa anaweza kufa nayo. Ongeza saumu juu yake, bila maji mchana kutwa, uone hatari ilivyo. Allah amekataza tusijitie wenyewe katika maangamizo (Al-Baqara 195).

Basi asingoje Ramadhani. Aende sasa, Mathari au hospitali yoyote ya serikali, aseme bila kuficha anakunywa kiasi gani na alikunywa lini mara ya mwisho. Watampa dawa ya kutuliza, kwa kawaida ya jamii ya diazepamu, kipimo kikipunguzwa siku hadi siku kwa takriban wiki moja, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi wameishiwa nayo na upungufu wake huharibu kumbukumbu. Diazepamu hiyo asiinunue mwenyewe River Road: ikikutana na pombe huzuia pumzi, na ikizoeleka inakuwa uraibu wa pili. Akianguka kifafa kabla hajafika, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala chochote mdomoni, mkimbizeni. Na akiona ukungu machoni saa chache baada ya kunywa, hiyo inaweza kuwa sumu ya methanoli kwenye chang'aa, nayo haingoji asubuhi. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo kwa anayetaka kuelekezwa.

Anaweza kuuliza: je, nipunguze pombe kidogo kidogo badala ya hospitali? Hapana. Tariq bin Suwayd alimwambia Mtume anatengeneza khamri kwa ajili ya dawa, akajibiwa kwamba si dawa, ni ugonjwa. Mafakihi wameruhusu tone kwa aliyekwamwa na tonge kooni na hana maji. Mwenzako maji anayo: hospitali iko umbali wa matatu moja. Ruqya asomewe, na kitanda cha hospitali hakiizuii. Ramadhani ikimkuta bado dhaifu, ale na alipe siku nyingine kama Allah alivyomruhusu mgonjwa.

Nirudi kwako. Sheria ya mwaka 2010 imeweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Maghrib hapa Nairobi ni kama saa kumi na mbili na nusu. Hiyo saa moja na nusu, njaa na uchovu vikiwa juu yako na pesa mfukoni, ndiyo uwanja wako wa vita, na chang'aa yenyewe haina hata saa ya kufungua. Kula kitu kizito saa kumi, kabla hujafunga karakana. Mwombe tajiri malipo ayatume moja kwa moja kwenye simu ya mkeo, ubaki na nauli. Badili njia. Yule aliyeua watu tisini na tisa alipotaka kutubu hakuambiwa alie tu, aliambiwa ahame mji, na kwako mji huo ni ule uchochoro. Hamu ikija, mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa: tawadha, mpigie mwenzako wa Alhamisi, tembea hadi msikitini uketi ungoje adhana. Na ujue miezi mitano imeupunguzia mwili uvumilivu. Kiasi ulichokizoea zamani leo kinaweza kukuzimisha.

Mkeo naye akisoma haya: ukiambiwa na jirani umtilie mumeo disulfiramu kwenye chai kwa siri, usithubutu. Dawa hiyo ikikutana na pombe huleta kutapika, uso kuwaka na shinikizo la damu kushuka hata kufikia kifo, ndiyo maana haipewi mtu ila kwa ridhaa yake na daktari akijua. Hata akiichagua mwenyewe, atahitaji kujihadhari na dawa ya kikohozi yenye spiriti na manukato ya dukani. Ajipake uturi wa mafuta.

Alhamisi hii nenda kikao, ukitoka Isha utaikuta bado. Wallahu a'lam.