Asiache tenofovir kwa sababu ya kichefuchefu

Dada yangu wa Wete, umesema mumeo anatumia tenofovir kwa homa ya ini B, kichefuchefu kimemchosha, sasa anataka kuiacha anywe mizizi. Asithubutu! Dawa hii haimalizi virusi, inavizuia visizaliane. Akiikata ghafla vinaweza kuibuka kwa nguvu, hata ini likashindwa kazi. Kichefuchefu aghalabu hupungua baada ya wiki chache. Ameze usiku, akishakula muhogo wake na samaki. Mimi naogopa zaidi figo, maana dawa hii inaweza kuziumiza kimyakimya: akirudi kliniki aombe kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ambayo nayo huweza kuumiza figo, asijinunulie ovyo dukani. Mizizi nayo, wallahi, mingine huumiza ini lenyewe. Wewe na watoto mmeshapimwa? Chanjo ipo.