Uliza Lugha: "Exceed" inaanzia wapi?

SWALI: Nalima viazi Uyole, Mbeya. Lebo ya dawa ya ukungu imeandikwa "Do not exceed 40 ml per 16 litres of water". Nikiweka mililita 40 kamili nimekiuka maagizo? Na kwa nini mwalimu wetu wa masomo ya jioni kila mara anakata "exceed more than"?

JIBU: Weka 40 bila wasiwasi. "Exceed" ni kuvuka kiwango, na aliyefika ukingoni hajavuka. Wangetaka usifike 40 kabisa wangeandika "less than 40". Kibao cha mwendo wa 50 kwenye makazi husomwa hivyohivyo: 50 ni halali. Ila pima kwa sirinji. Vifuniko vya chupa havilingani ujazo, na hapo ndipo wengi huvuka bila kujua.

Mwalimu yuko sahihi. Kitenzi hiki tayari kimebeba "zaidi ya" tumboni, kwa hiyo "exceed more than 40" ni sawa na "isizidi zaidi ya 40", kosa ambalo hata kwa Kiswahili tunalo. Hakitaki "than", "over" wala "of". Kiwango hufuata papo hapo: "exceed 40 ml", "exceed the limit". Kiasi kilichopitiliza ndicho huletwa na "by". Lori lenye kikomo cha tani 56 likisoma 58 kwenye mizani, "it exceeded the limit by 2 tonnes".

Panapotutega hasa ni hapa. Kuzidi kwetu huweza kusimama peke yake: mvua imezidi, bei ya mbolea imezidi, na kila mtu ameelewa. "The rain has exceeded" inaning'inia, kwa sababu haijasema imezidi nini. Sema "there has been too much rain". Kwa mbolea, "the price has gone up too much". "Dada ananizidi miaka 2" nayo isikupeleke kwenye "exceed": ni "my sister is 2 years older than me".

Mbona basi mashine ya kutolea fedha huandika "Daily limit exceeded" na kuishia hapo? Hiyo ni kauli ya kutendwa iliyofupishwa. Kiwango kimegeuka kiima, hivyo yambwa (kitu kinachozidiwa, kinachofuata kitenzi) haihitajiki.

Tahajia: ni "exceed", "proceed" na "succeed" tu zinazoishia na "-ceed". Wakati uliopita ni "exceeded", silabi tatu, ik-SII-did. Nomino ni "excess", "e" moja tu baada ya "c", na "s" mbili, kama "excess luggage", mizigo ya ziada.