Usukani umenipiga kifuani, nifungwe vitambaa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni dereva wa Fuso, nabeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa. Wiki iliyopita, barabara ya Mtera, nilikwepa ng'ombe gari likaingia mtaroni, usukani ukanipiga kifuani. Hospitali walipiga eksirei, wakasema mfupa wa kidari umevunjika. Nikapewa dawa za maumivu nirudi nyumbani, bila plasta wala bandeji. Mama mkwe anasema nimepuuzwa, ameshaita fundi wa mifupa aje anifunge kifua. Nikikohoa naona nyotanyota. Nikubali?
Dereva, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Usikubali. Mweleze mama kwa heshima, maana anakuhangaikia, lakini kifua hakifungwi. Ukikibana utavuta pumzi fupifupi, makohozi yatatuama chini ya mapafu, na nimonia itakuumiza kuliko mfupa wenyewe. Kidari kilichopasuka bila kuachana hujiunga chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 6 hadi 12.

Kukurudisha nyumbani si lazima kuwe kupuuzwa. Hapa idara ya dharura mtu akija ameshika kifua baada ya ajali, mfupa si hofu yangu ya kwanza. Nyuma yake kuna moyo. Ndiyo maana tunapima umeme wa moyo: unalala kimya, unabandikwa waya kifuani, mikononi na miguuni, mashine inachora karatasi. Tunatoa na damu kuangalia troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikijeruhiwa. Vyote vikiwa sawa, hakuna jeraha jingine na maumivu yanatulizika, nyumbani ndiko kwako.

Barua yako haitaji kipimo hicho cha moyo. Kama hukupimwa, rudi kesho asubuhi, uwaombe. Waambie pia kama mgongo unauma katikati ya mabega, kwa kuwa pigo linalovunja kidari huweza kuvunja na pingili za uti wa mgongo. Na ninyi waganga wenzangu wa vituo vya afya, nawasihi: picha ya mbele peke yake huuficha ufa huu. Pigeni na ya ubavuni.

Sasa kazi yako. Dawa za maumivu zimeze kwa saa zake, usisubiri mpaka uumie; lengo ni uweze kupumua vizuri. Kila saa ukiwa macho, vuta pumzi ndefu mara 10 taratibu. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto, ubane kifuani kwa mikono miwili, kisha kohoa kwa nguvu. Usiyazuie makohozi. Ukilala kwa kuegemea mito utapata nafuu. Sigara acha.

Magunia usiguse, hata la kusaidia kusukuma tu. Usukani usirudie mpaka uweze kuukata wote na kukanyaga breki ya ghafla bila kifua kukukatiza, na daktari awe amekuona. Siku hiyo funga mkanda. Mkanda nao huweza kuvunja kidari, nimeona, lakini asiyeufunga nampokea na kichwa kilichopasuka.

Pumzi ikikata, moyo ukienda mbio au kurukaruka, ukizimia, ukipata homa, ukikohoa damu, au ukisikia mfupa unachezacheza, usingoje jibu la gazeti. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, na uendeshwe na mtu mwingine.