Maswali yenu: Maziwa ya Rufiji hayataki haraka

Mwandishi wetu wa safari, aliyewahi kuongoza boti za wageni mto Rufiji, anajibu barua zenu kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Shikamoo mzee. Mimi, mume wangu na watoto wetu wa miaka 9 na 14 tumeweka akiba twende Nyerere kwa usiku nne. Wakala ametupangia kambi tatu tofauti, anasema ndivyo tutakavyoiona hifadhi yote. Anasema pia Aprili ni nafuu. Halafu mimi naogopa boti kwa sababu ya viboko. Tufanyeje?
*Mama wawili, Dar es Salaam*

Marahaba, mama. Kambi tatu zikatae, na Aprili uikatae.

Hifadhi yote haionekani kwa usiku nne, wala kwa mwezi mzima. Ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, zaidi ya mara mbili ya Serengeti. Mnachokifuata ninyi ni pembe ya kaskazini mashariki, ukiingilia lango la Mtemere, ambako Rufiji umeacha maziwa yake: Mzizima, Siwandu, Nzerakera, Manze na Tagalala. Nasema umeyaacha kwa sababu mto huu huhama. Kwenye tambarare ya mchanga hukata njia mpya, na mkondo wa zamani hubaki nyuma na maji yake, viboko wake na mamba wake. Mtaona mivumo, miti ya jamii ya mitende, iliyokufa ikiwa imesimama majini bila vichwa. Ilimea nchi kavu, maji yakaifuata hapo hapo ilipo. Juu ya magogo hayo ndipo tai furukombe hupenda kukaa, na sauti yake mtaisikia kabla hamjamwona.

Sasa, mkihama kambi kila siku, asubuhi yenu itaishia kwenye kufunga mizigo, na mchana mtakuwa barabarani jua likiwaka, saa ambazo simba na mbwa mwitu wamelala vichakani. Chagueni kambi moja iliyo karibu na maji. Pandeni boti jioni ya kwanza kuanzia saa kumi, kisha mpande tena alfajiri ya siku nyingine, ziwa lile lile. Safari ya kwanza watoto watatafuta mnyama mkubwa. Ya pili wataanza kuona mengine: matundu kwenye kingo za mto ambamo ndege wadogo wanaokula nyuki wamechimba viota, mamba mchanga aliyejilaza juu ya gogo, tembo akivuka na mkonga nje ya maji. Hayo ndiyo wanayoyasimulia wakirudi shule, nimeyasikia kwa watoto wengi.

Aprili ni masika. Barabara za ndani hugeuka tope, kambi nyingi hufungwa, na wanyama hawana sababu ya kuja ziwani kwa kuwa kila dimbwi porini lina maji. Nendeni likizo ya Juni. Kuna ubaridi, majani bado yana kijani, na madimbwi yameanza kukauka. Septemba na Oktoba wanyama hujazana zaidi kandokando ya maziwa, ila joto lake kwa mtoto wa miaka tisa ni kali.

Kuhusu viboko, woga wako una msingi. Kiboko haogelei kama watu wanavyodhani, hutembea chini, na kundi hukaa mahali penye kina linachokipenda. Nahodha anayelijua ziwa anapajua mahali hapo. Hupita mbali, hugonga ubavu wa boti ili aliye chini ainue kichwa aonekane, na kamwe hapiti katikati ya kundi na kina chake. Kabla ya kupanda, omba kuonyeshwa jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto. Lisipokuwepo, msipande, hata kama mmeshalipa. Mikono yote ibaki ndani ya boti. Matembezi ya miguu na askari mwenye silaha mwachieni mkubwa, mdogo abaki kambini na mmoja wenu.

Je, mtu asiye na gari anaweza kufika kwa treni?
*Kijana, Morogoro*

Reli ya TAZARA inapita kaskazini mwa hifadhi, na ina vituo vya Fuga, Kisaki na Matambwe. Lakini kwa wewe wa Morogoro njia fupi ni barabara inayopita milima ya Uluguru hadi Kisaki. Ugumu unaanzia hapo: ndani huruhusiwi kutembea peke yako, lazima gari. Jikusanyeni marafiki, mkodi gari la pamoja na dereva kabla hamjaondoka nyumbani. Pitieni chemchemi za maji moto karibu na Tagalala. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti sana na cha mgeni.

Nilifundisha jiografia miaka mingi. Baada ya bwawa la umeme, mto bado upo wa kutembelea?
*Mwalimu mstaafu, Iringa*

Upo, mwalimu, lakini si ule ule. Unakumbuka ulivyowafundisha: Kilombero na Luwegu zinakutana, Rufiji unazaliwa, Ruaha Mkuu unajiunga chini yake, kisha maji yote yanabanwa kwenye korongo la Stiegler. Korongo hilo ndipo ulipojengwa ukuta wa bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, na maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Aliyependa kupanda boti kuelekea korongoni, kama mimi, asilitafute tena lile alilolijua.

Maziwa haya yapo mbele ya bwawa, mto unakoelekea baharini. Tangu zamani mafuriko ndiyo yaliyoyajaza, yakaleta samaki na udongo mpya. Natamani kwa moyo wangu wote wanaopanga maji ya kufunguliwa wayahesabu maziwa haya pamoja na umeme. Ukifika, muulize nahodha maji ya masika yalifika wapi mwaka huu, akuonyeshe alama kwenye miti. Utaelewa zaidi ya ripoti yoyote.

Nguo za rangi gani?
*Msomaji, Tanga*

Kaki au kijani kilichofifia. Bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o huzifuata. Ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mikono mirefu, hasa gari likipita kwenye miombo mbali na maji.