Yule mzee kwenye beseni ni nani?

SWALI: Mjomba shikamoo. Mwanangu wa sekondari kanionyesha picha kwenye simu, eti ya zamani sana, kachora Mbelgiji. Kuna mzee kifua wazi kafunga kitambaa kiunoni kasimama ndani ya beseni dogo, jamaa mmoja kamshika mkono ana kisu, kijana yuko chini anaandika, na nyuma askari wawili wanaangalia tu. Mwanangu anasema ni ubatizo. Mi nauza dagaa hapa Kibirizi miaka mingi, nikimwangalia yule mzee na mgongo ule na magoti yale yaliyokunjika naona mvuvi kabisa, katoka kuvuta nyavu usiku kucha. Nani yuko sahihi? (Mama Dagaa, Kigoma)

JIBU: Marahaba mama. Ubatizo sio. Hilo la mvuvi subiri kidogo, maana umenishtua.

Mchoraji ni Peter Paul Rubens, fundi wa Antwerp, aliichora kama mwaka 1612 au 1613, na leo iko jumba la sanaa la Alte Pinakothek, mjini Munich, Ujerumani. Mzee anaitwa Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyemfundisha Nero toka Nero akiwa kijana. Sasa mwaka 65 baada ya Kristo Nero ndo kaisari, akamshuku mwalimu wake kwamba yumo kwenye njama ya kumuua, akamtumia askari na amri ya kujiua. Tacitus, mwandishi wa historia wa Roma, anasema mzee alikata mishipa ya mikono damu ikatoka taratibu mno sababu ya uzee na kula kidogo, akakata na ya miguu, akaomba sumu nayo ikagoma, akaingia kwenye maji ya moto, mwisho mvuke wa bafu ndo ukammaliza. Na hapo katikati bado anaita waandishi awape maneno yake, ndo huyo kijana wa chini. Mkewe Paulina naye alijikata, Nero akaamuru aokolewe, ila Rubens hakumchora. Mi naona hapo kakosea, yule mama alistahili kuwepo.

Haya, mvuvi wako. Rubens alikaa Italia toka 1600 hadi 1608, na huko Roma kulikuwa na sanamu ya marumaru nyeusi, mzee kainama, misuli imechoka, kiunoni kitambaa. Watu wa enzi hizo waliamini ni Seneca anakata roho, mpaka wakaisimamisha kwenye beseni la jiwe ili kila mtu aelewe! Rubens akakaa akaichora, akarudi kwao na michoro yake, na mwili unaouona kwenye simu ndo huo huo. Baadaye sana wataalamu wakailinganisha na sanamu zingine za kale za aina ile, wakakuta ni mvuvi mzee wa kawaida tu. Sasa hivi iko jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na inaitwa hivyo hivyo, mvuvi mzee. Yaani wasomi wa Ulaya walipotea miaka na miaka, wewe umesimama na ungo wa dagaa umejua kwa kuangalia magoti.

Kichwa nacho si cha Seneca. Rubens alikitoa kwenye sanamu nyingine ya mzee mwenye ndevu na mashavu yaliyobonyea, nayo ikidhaniwa ni Seneca. Mwaka 1813 ikapatikana Roma sanamu iliyochongwa jina lake kabisa, na mtu mwenyewe kumbe kipara, hana ndevu, na mashavu ya mtu anayekula vizuri (alikuwa tajiri hasa yule, tusidanganyane).

Kwa hiyo picha ni ya Seneca, kisa ni cha Seneca, ila aliyesimama kwenye beseni ni mvuvi wenu wa mwaloni kavishwa kichwa cha mwingine. Mpe mwanao hela ya bando aitafute hiyo sanamu ya Louvre, muiangalie wote wawili kwa upande wa mgongoni.