Brobdingnagian: kubwa kuliko kubwa

Ndugu uliyeuliza "brobdingnagian" imetoka wapi: ni kutoka Brobdingnag, nchi ya majitu aliyoibuni Jonathan Swift katika Safari za Gulliver (1726). Huko kila kitu ni karibu mara 12 ya cha kwetu. Gulliver anavamiwa kitandani na panya wawili wakubwa kama mbwa, inabidi achomoe upanga. Binti wa miaka 9 anayemtunza ana kimo cha futi 40 hivi, na eti ni mdogo kwa umri wake!

Kwa Kiingereza hutumika zaidi kwa utani: sahani ya chakula, kitambi. Kwenye ripoti ya ofisini liache. Sisi kwa Kiswahili, kuonyesha ukubwa tunageuza ngeli tu, inatosha: jitu, jumba, joka.